Maziwa ya Karagwe, Mizani ya Kiseke

Ndugu msomaji, nianze na namba, maana namba ndizo zilizoniponza. Kilo 133. Urefu sentimita 168. Ukipiga ile hesabu ya madaktari, yaani uchukue kilo zako uzigawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, jibu linakuja 47. Aliyeibuni hesabu hiyo alikuwa Mbelgiji, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830, mtu wa takwimu wala si tabibu. Alikuwa akimtafuta binadamu wa wastani, hakuwa na habari na mgonjwa. Mwaka 1972 Mmarekani mmoja, Ancel Keys, akaikarabati na kuipa jina jipya, na ndiyo hiyo leo inayoning'inizwa ukutani katika kliniki zetu kwa rangi tatu kama taa za barabarani. Mimi nipo kwenye nyekundu, tena mwisho kabisa ambako rangi inaishia na ukuta unaanza.

Siku niliyopimwa, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, binti mpima uzito aliwaita wenzake waje kuona mshale. Hawakuwa watu wabaya. Walicheka tu, kama unavyocheka ukimwona mbuzi juu ya paa. Kisha akanizungushia futi ya fundi cherehani tumboni, ikagoma kufika, akaniambia "dada, shikilia hapo mwisho nikaunganishe na nyingine." Nikashikilia. Nilivyokuwa nimesimama pale nimeshika ncha ya futi kama mtu anayepimiwa kiwanja, nilimkumbuka mwanamke mmoja wa Karagwe ambaye jina lake halikuandikwa na mtu yeyote.

Habari yake nilikuwa nimeisoma zamani. Sisi watu wa Mwanza tunafundishwa shuleni kwamba John Hanning Speke alifika huku tarehe 3 Agosti 1858, akaliona ziwa, akalipachika jina la malkia wake. Tunapewa maksi, tunasonga mbele. Kinachosahaulika ni safari yake ya pili. Mwishoni mwa 1861, akiwa na mwenzake Grant, aliingia Karagwe kwa Mtawala Rumanyika, ng'ambo ya ziwa upande wa magharibi, na huko akakuta jambo lililomshangaza kuliko ziwa lenyewe: wake wa wakubwa walikuwa wakinenepeshwa kwa maziwa mpaka wasiweze kusimama. Speke, kwa desturi ya watu wa aina yake, akataka kupima. Alikwenda kwa shemeji mmoja wa mtawala, wakapatana kwamba naye atamwonyesha mikono na miguu yake mitupu, mama yule awaone Wazungu walivyo chini ya nguo, kisha na yeye akubali kuzungushiwa kipimo.

Vipimo vimo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863. Nimevigeuza kutoka inchi: mkono sentimita 58, kifua 132, paja 79, ndama ya mguu 51, urefu kama 173. Walipombidisha asimame ili urefu upatikane, damu ilimkimbilia kichwani akaporomoka tena chini, kichwa kikimzunguka. Pembeni alikuwepo binti yake wa miaka 16, anakunywa maziwa kutoka chombo kikubwa, baba yake amekaa na fimbo mkononi kuhakikisha hapumziki.

Nilipofika nyumbani nilichukua futi yangu. Mkono wangu ni sentimita 46. Paja langu limempita.

Nisieleweke vibaya. Watu hupenda kuisimulia habari ya Karagwe kana kwamba Waafrika wote walikuwa wakipenda wanawake tipwatipwa tangu enzi za Adamu. Si kweli. Maziwa yale yalikuwa ya jumba la mtawala na ya wenye ng'ombe. Mke wa mkulima alikuwa shambani na jembe, anakula ndizi na maharage, na kama angenenepa hivyo nani angelima? Mwili ule ulikuwa tangazo. Ulisema: hapa kuna ng'ombe wengi, hapa kuna watumishi, mwanamke wa nyumba hii hana sababu ya kuinuka. Hakuwa akila kwa raha zake yule mama. Alikuwa kazini. Na binti wa miaka 16, mwenye fimbo juu ya kichwa, ndiyo kabisa.

Bibi yangu mzaa baba anatoka Karagwe. Ni Mnyambo, wa watu wa jembe, siyo wa maziwa. Alivuka ziwa miaka ya 1970 kumfuata babu aliyekuwa kibarua bandarini Mwanza, na leo tunakaa Kiseke, nyuma ya nyumba zile za PPF, mahali ambapo ukitoka nje unaona mawe yamepandana kama mtu aliyaacha akaenda kunywa maji. Nilipomsomea habari za Speke, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sasa huyo mama walimpima, walimpa nini?" Nikamwambia, walimwonyesha miguu. Bibi akasonya.

Sasa niingie katika sehemu ngumu.

Baba yangu alifariki mwaka 1998, akiwa na miaka 32. Mimi nilikuwa na minne. Sina kumbukumbu yake nyingi zaidi ya moja, na hiyo moja ni ya mkono. Alikuwa amelala, akanyoosha mkono anishike, na mimi nikakimbia kwa sababu mkono ule ulikuwa kama ng'onda, samaki mkavu wa sokoni. Mama alimfuata 2001. Hakuna aliyetamka ugonjwa. Miaka ile mtu alikuwa "amekanyaga miwaya", "ana umeme", "ngoma imemkamata". Lugha yetu ilivaa kanga nzito, ikajifunika mpaka kichwani.

Wewe uliyezaliwa baada ya dawa huenda usielewe kukonda kulivyokuwa kunatisha kando ya ziwa hili. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, watatu. Kule waliuita ugonjwa Juliana, kwa jina la nguo za kisasa zilizokuwa zikiuzwa mpakani na wafanyabiashara wa magendo. Ng'ambo ya pili, Uganda, waliuita slim, na mwaka 1985 madaktari waliupeleka katika jarida la kitabibu la Lancet kwa jina hilo hilo la mitaani, kwa sababu dalili iliyowagonga macho watu kabla ya yote ilikuwa mwili kuyeyuka. Kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti mgonjwa. Basi fikiria, mshikaji wangu: mahali ambapo kukonda ndiyo hukumu yenyewe, kunenepa ni nini? Ni rufaa iliyoshinda.

Watu walinitazama. Mtoto wa marehemu wawili, wote kwa "kifua", lazima atazamwe. Jirani mmoja alizoea kunishika kidevu, ananigeuza uso huku na huku kama anayechagua nyanya, kisha anamtazama Bibi bila kusema neno. Bibi naye hakujibu kwa neno. Alijibu kwa sufuria. Uji wa karanga asubuhi, ndizi za nyama mchana, sato wa nazi jioni, maziwa kabla ya kulala, na nikibakiza ananiambia "malizia mama, usiniabishe." Nilipofika darasa la tatu nilikuwa bonge la darasa. Bibi alinitembeza mtaani kama mtu anayetembeza cheti. "Mtazameni mashavu!" Na ndivyo ilivyokuwa: mashavu yangu yalikuwa cheti changu cha kupima damu, kilichotolewa miaka mingi kabla sijapimwa kweli. Nilipopima, niko salama. Lakini mtaa ulikuwa umekwisha kusoma majibu zamani.

Kwa hiyo ninapokuambia kwamba daktari alinishauri upasuaji wa kupunguza uzito, na kwamba nilikaa miezi 14 bila kumjibu, usidhani nilikuwa naogopa kisu. Kisu nilikiogopa kidogo tu.

Turudi nyuma tena, maana huwezi kusema Bibi alininenepesha peke yake. Kizazi cha Bibi kilikuwa kimeona njaa ya 1974, kimekula ugali wa yanga, unga ule wa mahindi ya njano kutoka Marekani ambao hadi leo ukimtajia anakunja uso. Halafu ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, foleni ya sukari, foleni ya sabuni, duka la kaya, mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi, watu wanatupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Na katika siasa za baada ya Azimio la Arusha la 1967, mtu mnene alikuwa na kesi: bepari akichorwa katika vikatuni lazima awe na kitambi na sigara, mkulima lazima awe na mbavu na jembe. Hapa ndipo napenda kucheka peke yangu. Hadharani kitambi kilikuwa unyonyaji. Nyumbani mama akimwona mwanawe amerudi na kitambi anapiga vigelegele. Hotuba na sufuria hazikuwahi kukubaliana.

Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia 1986, vitu vikaja: mafuta ya kupikia, sukari, ngano. Mwanza yetu miaka ya 1990 ilijaa viwanda vya sangara, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunabaki na mapanki, yale mafupa ya katikati na kichwa, yanayokaangwa barabarani. Chipsi mayai vikaingia kila kona. Kisha bodaboda, na mtu aliyekuwa anatembea kutoka Kiseke mpaka Pasiansi akaona ni upuuzi. Takwimu za kitaifa zinasema mwaka 2010 wanawake waliozidi uzito au kuwa wanene kupita kiasi, kati ya miaka 15 na 49, walikuwa asilimia 22. Utafiti wa 2015 na 2016 ukakuta 28. Ukiwa daladala, hesabu akina mama wanne, mmoja ni mwenzangu. Lakini konda haniambii hivyo. Konda ananiambia "bonge, lipa siti mbili," na abiria wanachekea madirishani.

Nimejaribu yote, nisikufiche. Limau na maji ya moto. Kutembea alfajiri mpaka Buswelu na kurudi, mpaka magoti yakagoma. Majani fulani ya kienyeji yaliyonifanya nikae chooni siku tatu. Mwaka mmoja nilipunguza kilo 19, na huo ndio mwaka nilioumia zaidi kuliko yote. Kwa sababu mtaa ulinyamaza. Salamu zikawa fupi. Shoga yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama "kila kitu kiko sawa huko ndani." Bibi akaanza kuniamkia usiku, anasimama mlangoni na kibatari, japo umeme upo, anasikiliza kama napumua. Niliporudisha kilo zile, na nyingine sita za nyongeza, nilijiambia ni udhaifu wa roho. Leo nadhani nilikuwa nafunika mkono wa baba.

Historia ya upasuaji wenyewe ni ya watu waliokuwa wakibahatisha, na nimeona ni haki niijue kabla ya kulala mezani. Mwaka 1954, jimbo la Minnesota, Marekani, madaktari Kremen na Linner na wenzao waliandika kuhusu kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba ili chakula kipite bila kufyonzwa. Watu walikonda kweli. Lakini walipata kuhara kusikoisha, mawe ya figo, na wengine ini likafa. Upasuaji ule ukaachwa. Kisha daktari Edward Mason wa Iowa akagundua jambo lililokuwa mbele ya macho ya wote: wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walikuwa wanapungua na hawanenepi tena. Mwaka 1966 akaanza kuufanya kwa makusudi, anatenga kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo. Mwaka 1991 jopo lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani likaweka mpaka: mwenye namba 40 anafaa, au 35 kama ana maradhi mengine yanayoambatana. Mwaka 2022 vyama vya madaktari hao viliushusha mpaka huo hadi 35, na 30 kwa wenye kisukari au maradhi kama hayo. Mimi na 47 yangu, na presha, na sukari inayonyemelea, nafaa kwa kila sheria iliyowahi kutungwa.

Wanachotaka kunifanyia siyo cha Mason. Ni kukata tumbo kwa urefu, kuondoa kama robo tatu au zaidi kidogo, libaki bomba jembamba mfano wa ndizi. Sehemu inayoondoka ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, grelini, ambayo Wajapani Kojima na Kangawa waliitambua mwaka 1999. Habari hiyo, nakiri, niliisoma mara tatu nikalia. Nilikuwa na miaka mitano mwaka 1999, naitwa mlafi shuleni, na huko Japani kuna watu wanalipa jina jambo lililokuwa likiniita jikoni usiku. Sisemi ndiyo sababu yote. Nasema tu kwamba lilikuwepo, na lina jina.

Zamani habari hizi zilikuwa za kwenda India au Afrika Kusini, za watu wa mshiko mrefu. Mwaka 2022 Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam, walianza kuweka puto tumboni kwa wanaotaka kupungua: linapitishwa mdomoni, linajazwa, linakaa kwa muda, linatolewa. Upasuaji nao ukafuata. Niliulizia puto kwanza, kwa woga. Daktari, mtu mpole, alinieleza bila kunisukuma: puto linatoka, na kwa mtu wa uzito wangu kilo zinaweza kurudi, kisu hakirudishi kilichokatwa. Vidonge vya vitamini maisha yote. Kuna hatari ya bomba kuvuja, kuna hatari ya damu kuganda, na wapo, wachache, ambao hawaamki. Akanitajia bei. Ni ile pesa niliyokuwa nadunduliza miaka saba ninunue kiwanja.

Kinachonikera ni wale wanaosema ni njia ya mkato. Mchungaji mmoja alinifundisha hivyo mbele ya watu, kwamba Mungu ametupa nguvu ya kujizuia. Sikumjibu, mkubwa hajibiwi kadamnasi. Lakini yule binti wa Karagwe, je? Alipojengwa mwili ule kwa fimbo na amri ya baba, ikatokea akatamani kuinuka atembee mwenyewe mpaka mlangoni, angeambiwa ajizuie?

Jumapili iliyopita nilimpa Bibi jibu langu kabla sijampa daktari. Nilimpigia goti, nikamwamkia tena japo tulikwisha amkiana asubuhi, akajua kuna jambo. Nikamweleza yote. Kwamba nitakwenda Dar. Kwamba nitakatwa. Kwamba kiwanja basi tena.

"Na utakonda."

"Nitakonda, Bibi."

"Kiasi gani?"

Nikamwambia huenda kilo 40, huenda zaidi, ndani ya mwaka mmoja au miwili. Uso utasinyaa. Ngozi ya mikono italegea. Sikutaka kumdanganya. Alinyamaza muda mrefu, anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Watakuja kunipa pole," akasema. "Watakuja hapa na khanga zao kiunoni, wakae, wanitazame. Nilishakaa nao mara mbili."

"Tutawaambia ukweli. Tutasema nimekatwa tumbo."

"Nani ataamini? Mwanangu nilisema ni kifua. Sasa nikisema ukweli nani ataamini?"

Hilo sikuwa na jibu lake, na mpaka naandika ukurasa huu sinalo. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote kumsikia akitaja kwamba alisema ni kifua. Nilikaa chini kabisa, mkekani, kazi ambayo kwangu inahitaji mpango, nikaegemea mguu wake. Tukakaa hivyo mpaka jua likaingia nyuma ya mawe. Kisha nikamwomba kitu kimoja. Nikamwomba aje Dar nami, awepo, ili nikianza kupungua awe ameona kwa macho yake mahali kilo zilipotokea mlango. Akauliza kama kule kuna baridi.

"Dar hakuna baridi, Bibi."

"Na wakishakukata, utakula nini?"

"Wiki za mwanzo ni vitu vya majimaji tu. Supu iliyochujwa. Maji. Maziwa yasiyo na mafuta."

Akaacha ungo. "Maziwa?"

"Maziwa, Bibi. Kidogo kidogo, kwa kijiko."

Akacheka, kicheko cha kifuani, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Yaani wewe watu wakukondeshe kwa maziwa," akasema, na akaingia ndani kutafuta kijiko kidogo, akarudi na vitatu, tukaanza kuvilinganisha.